Saa za Mwanamke Mwenye Mzigo

Sijawahi kumjua mtu mwoga kama yeye, na nimeishi Bukavu katika miaka ambayo woga ulikuwa umeingia kila nyumba kama moshi wa makaa. Aliogopa mbwa, hata wale wa mtaa wake wa Nyalukemba waliokonda hadi hawakuwa na nguvu ya kubweka. Aliogopa pikipiki, radi, mitumbwi, na bati linalogongwa na upepo. Akiingia chumba chochote, hata sakristia, alitafuta mahali pa kukaa ambapo mgongo unagusa ukuta na macho yanauona mlango. Wala hakuficha. Siku ya kwanza niliyotumwa kwake aliniangalia miguuni, akaangalia viatu vyangu vya mjini, akasema:

"Mi niko muoga. Mwenye hapendi kutembea na muoga, arudie leo. Asirudie katikati ya njia."

Tulimwita Maman Vaksini, kwa sababu ya chanjo. Jina lake la kweli lilikuwa kwenye karatasi za kazi, lakini milimani sikumsikia mtu akilitumia. Alikuwa msimamizi wa chanjo upande wa kusini, katika teritware, yaani wilaya, ya Walungu, kule ambapo barabara ikishapita soko inaacha kuwa barabara na inayobaki ni miguu ya mtu. Jumatatu alitoka Nyalukemba kwa gari la wachuuzi, Ijumaa alirudi kama njia imemruhusu. Mimi nilikuwa binti wa karani wa mtaa wa Muhumba. Chuo kikuu kilikuwa kimefunga milango tena kwa ajili ya vita, na tonton, mjomba wangu aliyefanya kazi katika ofisi ya afya akaniambia niende nikawe mpiga mistari, yaani yule anayechora mstari mmoja kwenye daftari kwa kila mtoto aliyechomwa sindano. Nilitembea nyuma yake karibu miaka mitatu. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, sijui. Hakusema, na sikuuliza. Miaka ile, kumuuliza mtu anatoka wapi kulikuwa sawa na kumuuliza yuko upande gani.

Alitembea kwa mabuti ya mpira ya kiume yaliyomzidi, akiwa na kisanduku cha barafu cha chanjo begani. Ndani ya mfuko alibeba viatu vyeusi vyenye kisigino vilivyofungwa kwenye gazeti. Tukikaribia kijiji chenye kanisa alikaa chini ya mgomba, akavua mabuti, akavaa viatu vyeusi, akapangusa matope kwenye visigino kwa mate na kidole. "Wamama wananiachia watoto wao," alisema. "Lazima waone mutu mwenye alijitengeneza."

Kitu alichokipenda kuliko vyote ni kujua mahali pote palipo. Njiani tulikuwa tukikutana na mwanaume asiye na mzigo ila fimbo yake, na Maman Vaksini alimwuliza kwa heshima:

"Papa, Kashwa iko mbali?"

"Hapana, maman. Ni hapa tu. Saa moja."

Alimshukuru. Alingoja mwanaume apite kona, kisha akakaa juu ya jiwe hadi atokee mwanamke anayeshuka na kikapu cha mihogo mgongoni, kamba ya kikapu ikimkata paji la uso, na mtoto amening'inia mbele.

"Maman, kutoka Kashwa ni masaa ngapi?"

"Masaa ine. Na kama mvua imenyesha, usihesabu."

Aliandika nne. Nilipocheka alinikemea. "Mwanaume anapima njia kama mwenye hajabebaka kitu. Mutoto mugonjwa anabebwa na nani? Andika masaa ya mwenye anabeba."

Hivyo ndivyo alivyochora ramani yake. Kuchora alijifunza Lwiro, alikowahi kufanya kazi ya usafi katika vyumba vya watafiti, akitazama juu ya mabega yao huku akipangusa meza. Ilikuwa karatasi nne kubwa zilizogundishwa pamoja, kwenye ukuta wa kituo cha afya cha sokoni, juu ya benchi la wamama. Kila kijiji kilikuwa duara, ndani ya duara kulikuwa na idadi ya watoto chini ya miaka mitano, na juu ya kila kijia idadi ya saa. Mito aliichora kwa wino wa buluu. Vilalo, yaani madaraja yale ya magogo, alivichora kwa wino mwekundu, kwa sababu alivichukia.

Majina nayo alinifundisha. Tulipopita kona moja ya barabara ya zamani alisimama, ingawa pale msitu ulikuwa karibu na alitaka tupite haraka, akanionyesha ukingo. "Hapa wanaita Kwa Fimbo. Babu zao walichimba hii njia kwa kuchapwa. Musimamizi alikuwa anakaa pale juu, na kiti chake." Mlima wa mbele uliitwa Kinini, kwa sababu ya mashamba ya kwinini yaliyochukua udongo mzuri wote, watu wakahamia ubavuni, ubavu ukaporomoka na mvua, wakahama tena kwenda juu zaidi. "Historia ya hapa ni ya watu kupanda," aliniambia. "Mwenye nguvu akifika chini, wadogo wanapanda. Sasa wamefika juu kabisa, na bado tu wanafuatwa."

Usifikiri alikuwa mtakatifu. Aliwadanganya wamama bila haya kwamba sindano haiumi. Alikula vizuri akiwa mgeni na kulalamika chumvi imepungua. Alisali rozari kwa sauti kwenye vilalo, na katikati ya sala alitukana: "Salamu Maria, shetani ya kilalo hii, umejaa neema." Na mtu huyohuyo aliyejificha nyuma yangu kwa sababu ya mbwa mmoja kilema, siku moja nilimwona akisimama katikati ya misa, mgongo ukiwa mbali na ukuta wowote, akamwambia padri mbele ya watu wote kwamba surua imeua watoto sita katika parokia yake na yeye bado anahubiri juu ya sketi fupi. Aliposhuka ngazi za kanisa alikanyaga pasipo ngazi. Ilibidi nimshike kiwiko.

Nilimwuliza aliwezaje. "Woga ni kama homa," alisema. "Usiulize kama iko. Pima tu iko kiasi gani, kisha ujue kama unaweza kufanya kazi nayo."

Mimi yangu sikujua kuipima. Tulikuwa tukipanda kijiji fulani na kukuta moto bado unawaka jikoni, sufuria juu ya moto, na hakuna mtu. Tulisimama uani bila kupumua hadi majani ya mgomba yatikisike na kichwa cha mtoto kitokee: walikuwa wametusikia wakafikiri ni watu wa bunduki. Barabarani watu hawakusalimiana tena kwa kuulizana habari za nyumbani. Waliulizana, "Kule iko je?" Ukijibiwa "Iko tu," uliendelea. Ukijibiwa kimya, uligeuka. Kila mmoja wetu alikuwa na kitambulisho alichoshonea ndani ya pindo la kitenge. Nililala na kandambili mkononi.

Sasa nisiahirishe tena.

Ilikuwa siku ya soko, alasiri, benchi limejaa wamama. Waliingia wanaume saba wenye bunduki. Sitasema walikuwa wa kundi gani. Mwaka ule waliopokezana soko lile walikuwa wengi, na waliokuja baada yao hawakuwa bora. Kamanda wao alikuwa kijana safi, alinukia sabuni, akasalimia wamama kwa adabu. Kisha akainua macho ukutani. Aliisoma ramani muda mrefu, midomo ikicheza, kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani.

"Nani amechora hii?"

Sote tulimtazama Maman Vaksini, na hilo lilikuwa jibu.

"Umefanya kazi nzuri, mama. Sisi tuko hapa kulinda raia. Sasa tutawalinda namna gani kama hatujui wanakaa wapi?" Akaweka kidole juu ya duara la Kashwa. "Watu wa huku juu wanawapa chakula maadui wetu wa msituni. Naomba hii karatasi."

Hakumpigia kelele. Hakuinua bunduki. Nilisikia kitu kikidondoka, nikaangalia chini, nikaona mkojo unatiririka juu ya mabuti ya Maman Vaksini na kuenea sakafuni. Alipanda juu ya benchi. Alitoa misumari midogo mmoja mmoja kwa kucha zake, akaikunja ramani vizuri isipasuke, akaifunga kwa bandeji, akampa kwa mikono miwili, kama unavyompa mkubwa.

"Asante, mama," kamanda akasema, wakatoka.

Wamama nao walitoka, sindano nusu hazijachomwa. Tulibaki wawili. Nilimchukia. Sijawahi kumchukia mtu namna ile, labda kwa sababu mikono yangu ingefanya vilevile.

"Kwa nini umemupa?"

"Ju niliogopa."

Alikaa sakafuni ambapo pamelowa, mgongo ukutani, macho mlangoni. Niliona midomo yake inahesabu. Nilidhani anasali.

"Kwenye karatasi niliandika Kashwa masaa ine," akasema hatimaye. "Saa hii jua limeanza kushuka. Wataona masaa ine, watajua giza litawakuta mulimani, na mulima hawaujui. Hawatapanda leo. Watapanda asubuhi."

"Na kama wakiuliza mwanaume, awaambie saa moja?"

"Basi tumekufa, miye na weye." Akashika ukuta, akasimama. "Mi naogopa kwenda. Kubaki naogopa zaidi. Leta maji ninawe miguu, twende."

Tulipanda. Kisanduku cha barafu tulikiacha, na bado nilishindwa kufuata mwendo wake. Kila baada ya muda alisimama kusikiliza nyuma, na mimi nilisimama pamoja naye: jiwe likiporomoka, mbuzi akikohoa, kila kitu kilikuwa wao. Kwenye kilalo cha magogo mawili alipiga magoti akavuka kwa kutambaa, macho yamefumbwa, na mara hiyo hakutukana. Kijiji cha kwanza kilikuwa na nyumba tano. Alisema, "Kesho asubuhi," na kabla hatujamaliza kunywa maji walikuwa wamefunga mizigo, walikuwa wamezoea. Cha pili vilevile.

Kashwa ilikuwa na nyumba kama ishirini, na Kashwa ilikuwa imechoka. Katekista wao, mzee mwenye sweta ya shule, alikataa hata kusimama.

"Maman, kila mwezi mutu anakuya anasema wanakuya. Tunakimbia. Tunarudia, mbuzi haziko, mihogo haiko, watoto wamekohoa damu ju ya baridi ya msitu. Nani amekuambia?"

Angeweza kusema amesikia sokoni. Mimi tayari nilikuwa nimefungua mdomo kusema hivyo. Alinizuia kwa mkono.

"Hakuna mwenye ameniambia. Ni miye niliwapa ramani, wenye bunduki. Nyumba zenu zote ziko ndani. Watoto wenu wote, hesabu yao iko ndani. Niliwapa na mikono yangu."

Watu walikuwa wamejaa uani. Halafu mwanamke mmoja, ambaye najua Maman Vaksini alimzalisha mapacha wake, alitoka katikati ya watu akampiga kofi. Kofi lilisikika. Maman Vaksini hakuinua mkono hata kujikinga uso. Mwanamke alisimama akimtazama, akipumua kwa nguvu. Kisha akageuka, akachukua kitenge, akaanza kumfunga pacha mmoja mgongoni. Wengine walipoona hivyo nao wakaingia nyumbani kuchukua vitu vyao.

Nyumba moja haikutoka. Kulikuwa na mzee aliyeoza mguu, wanawe hawapo, na mke wa mwanawe ndiye aliyemtunza. Tulifunga blanketi kwenye mti ili tumbebe, tukamwinua, akapiga yowe ambalo lingesikika hadi sokoni. Tulijaribu tena. Alilia akiomba ashushwe.

"Mumutie chini," yule mwanamke akasema. "Miye nabaki na baba mukwe."

"Usibaki," Maman Vaksini alimsihi, amemshika mikono yote miwili. "Nakuomba, mutoto wangu. Usibaki."

"Nani atamupa maji?"

Alimfungua binti yake mgongoni, wa miaka kama mitatu, akamfunga kwenye mgongo wa mdogo wake wa kike. Akamnyoosha gauni. Akaingia ndani.

Usiku ule tuliingia msituni na watu wa Kashwa kwa kijia ambacho hakikuwa kwenye ramani, kwa sababu Maman Vaksini hakuwahi kukipita. Ilikuwa mara ya pekee niliyomwona akitembea bila kuuliza ni saa ngapi. Asubuhi, kutoka msituni, tuliona moshi. Walikuwa wamekuja wakati uleule aliosema. Mzee na mke wa mwanawe tuliwazika siku ya tatu, na mengine yaliyoonekana pale nimekataa kuyaandika maisha yangu yote.

Baada ya hapo watu waligawanyika. Mjini wapo waliosema ameuza milima. Milimani wapo waliomletea maharagi na kuku, wakisema amewaokoa. Maharagi aliyarudisha, na waliomtukana hakuwajibu. Alirudi kazini, akachanja. Ofisi ilipomwomba achore ramani nyingine alisema macho yamechoka, nami nilijua aliweza kusoma maandishi ya chupa ya dawa kwenye mwanga wa koroboi. Ramani yote ilikuwa kichwani mwake, na humo ikabaki. Chuo kilipofunguliwa nikarudi masomoni. Nilimuaga vibaya, kwa haraka, kwa sababu kila nilipomtazama niliona mikono miwili na bandeji.

Miaka ikapita. Vita vikaisha kwenye redio, kisha polepole kwenye baadhi ya barabara. Nikaolewa, nikapata kazi ya ofisi Muhumba, na kutoka kazini hadi kwake ulikuwa mwendo mfupi ambao ulinichukua muda mrefu kuuanza. Nilipokwenda nilimkuta barazani Nyalukemba, amenenepa, nywele nyeupe, amekaa mgongo ukutani. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliniambia, "Ingia, sambaza ziko moto."

Tulikuwa tunakula hao dagaa wa ziwani aliposimama msichana mlangoni mwa ua. Alikuwa amevaa vizuri, ameshika bahasha.

"Jambo maman. Ni hapa kwa Maman Vaksini?"

"Ni hapa."

"Mi ni mutoto wa Kashwa."

Maman Vaksini aliweka chini tonge la bugali. Akajibana zaidi ukutani.

"Nilienda kutafuta karte ya kuchagua," msichana akasema, yaani kadi ya kura. "Wameniuliza mwaka nilizaliwa, wanasema niko mudogo. Mama mudogo mwenye alinilea alikufa. Kule juu wameniambia, nenda kwa Maman Vaksini, njo yeye alikuchanja."

"Mama yako ni nani?"

"Ni ule alibaki na babu."

Maman Vaksini alipangusa mikono yake kwenye kitenge, taratibu, kidole kwa kidole.

"Unajua ni nani alitoa ile ramani?"

"Najua. Wote wanajua." Msichana hakushusha macho. "Nimekuja ju ya mwaka."

Wamama wa kule hawakuwa na tarehe. Tulipokuwa tukijaza kadi, Maman Vaksini alikuwa akiwauliza: alizaliwa kilalo kimeanguka au bado? Ndizi zilikuwa zimeanza ugonjwa? Mulikuwa mumekimbia mara ngapi? Akishapata majibu matatu aliandika mwezi, na mara chache alikosea. Sasa hakuwa na mama wa kumwuliza. Alifumba macho. Nilifikiri amelemewa, hadi nilipoona midomo yake inahesabu.

"Alikuleta kwa sindano ya kwanza, ulikuwa na wiki sita. Wamama walikuwa wanachambua maharagi hapo inje, maharagi mapya. Ulimukojolea, akacheka, akasema, huyu ataogesha baba yake pia. Baba yako alikuwa amesimama pale. Alikuwa bado hai." Akafumbua macho. "Kilalo kilikuwa bado kizima. Hamukuwa mumekimbia hata mara moja. Ulizaliwa mbele ya vita kuanza."

"Hapana, maman. Miye wananiambiaka nilizaliwa katika kukimbia."

"Hapana. Ulizaliwa nyumbani, muchana, juu ya kitanda. Mama yako aliniambia yeye mwenyewe."

Msichana alitoa fomu kwenye bahasha na kalamu. Maman Vaksini aliichukua, lakini karatasi ilimtoroka chini ya kalamu. Ikabidi niishike pande zote mbili juu ya meza ili aweze kuandika. Aliandika mwezi, kisha mwaka, akamrudishia kwa mikono miwili.

Msichana alisoma. Akahesabu kwa vidole, akafika mwisho wa mkono mmoja na wa pili, akaanza tena.

"Kumbe niko mukubwa," akasema.